Kutoka Altareni Hadi Kitandani kwa Mgonjwa: Namna ya Kuchagua Mitambo ya Kupitisha na Kubadilisha Picha za Misa Takatifu



Utangulizi

Parokia nyingi sasa zinarusha Misa Takatifu mubashara, na nyingine zinajiandaa kuanza. Kila Halmashauri ya Walei inapokutana nasi kuhusu jambo hili, swali la kwanza huwa lile lile: “Baba, tununue kamera gani?” Swali hilo ni jema, lakini linaanzia katikati ya safari. Kwa uzoefu wetu, kamera ni nadra kuwa chanzo cha aibu siku ya sherehe. Kinachoangusha matangazo ni vitu visivyoonekana: waya uliopita nyuma ya nguzo, pini iliyolegea, na kile kisanduku kidogo mezani ambacho kazi yake ni kuamua ni picha ipi ipite na iende wapi.

Katika makala haya tunakusudia kueleza, kwa lugha ambayo kila muumini anaweza kuifuata, jinsi picha ya dijitali inavyosafiri ndani ya kanisa, ni vifaa gani vinavyoipokea, kuibadilisha na kuigawa, na parokia ivichague kwa vigezo vipi. Tunafanya hivyo kwa sababu fedha zinazonunua mitambo hii ni sadaka ya waamini, na kwa sababu upande wa pili wa waya yupo mtu anayeitegemea.

1. Somo tulilojifunza kwa gharama

Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia tuliyokuwa tukiitumikia, waamini walichanga kwa moyo mkubwa ili wagonjwa na wazee wafuatilie Misa wakiwa nyumbani. Tulinunua kamera tatu nzuri. Fedha zilizobaki zilikuwa chache, basi tukanunua waya mrefu wa HDMI, na kisanduku cha bei nafuu cha kuchagulia picha, cha aina ile ambayo familia huitumia nyumbani kuunganisha king'amuzi na mashine ya DVD kwenye runinga moja. Muuzaji alituambia kwamba kinafanya kazi ile ile. Nasi hatukuuliza zaidi, maana bei ilitupendeza.

Jumapili ya Pasaka, wakati wa Mageuzo, kijana aliyekuwa mezani alibonyeza kitufe ili kuhamia kamera ya karibu na altare. Picha ikawa nyeusi. Kompyuta iliyokuwa ikirusha matangazo ikapoteza picha kabisa, na matangazo yakakatika. Yaliporejea, jamii ya waamini ilikuwa inasali Baba Yetu.

Siku iliyofuata tulimpelekea Komunyo Takatifu bibi mmoja aliyekuwa amevunjika nyonga.

“Tumsifu Yesu Kristo, Bibi.”

“Milele amina, Baba. Jana niliwaambia wajukuu waniinue niketi, wakati wa kuinua Hosti. Nilipoketi tu, kioo kikawa cheusi. Nikadhani umeme umekatika. Kumbe ni kwenu.”

Hakusema kwa lawama. Lakini tulirudi nyumbani tukijua kwamba tulikuwa tumenunua vitu bila kuelewa kazi yake. Haya tunayoandika ni matunda ya kujifunza baada ya siku ile.

2. Mama Kanisa anafundisha nini

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 20, unaelekeza kwamba urushaji wa ibada takatifu kwa redio na televisheni ufanyike kwa busara na heshima, chini ya uongozi wa mtu anayefaa aliyewekwa na maaskofu, na hasa inapohusu Misa Takatifu. Siku ile ile Mtaguso ulitoa pia Hati juu ya vyombo vya mawasiliano ya jamii, Inter Mirifica. Tukumbuke pia kwamba Papa Pius XII alimtangaza Mtakatifu Klara wa Asizi kuwa msimamizi wa televisheni. Sababu yake inatugusa: mapokeo yanasimulia kwamba Klara, akiwa mgonjwa kitandani usiku wa Noeli, asiweze kwenda kanisani, alijaliwa kuiona na kuisikia ibada akiwa chumbani mwake.

Msimamizi wa televisheni, basi, ni mgonjwa aliyelala kitandani. Hiki ndicho kipimo tutakachokitumia katika kila uamuzi hapa chini. Tutauliza kama kifaa kinamfikishia mgonjwa Misa kwa uaminifu, bila kuisumbua altare. Wingi wa taa zake na ugeni wake si kigezo.

3. Picha ya dijitali husafirije?

Wenye umri wa kutosha wanakumbuka televisheni ya analojia. Mawimbi yalipopungua nguvu, picha ilijaa chenga. Ilikuwa mbaya, lakini bado uliweza kutambua nani anasema. Dar es Salaam iliaga matangazo hayo usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata, nasi tukazoea picha safi ya ving'amuzi. Lakini picha ya dijitali ina tabia tofauti: huonyesha uzuri kamili hadi karibu na mwisho wa uwezo wake, kisha huvunjika ghafla vipande vipande au hupotea kabisa.

Sababu yake ni hii. Picha ya dijitali ni mfululizo wa tarakimu, yaani biti. Picha moja ya ukubwa wa 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2. Kamera inatoa picha 25 au 50 kama hiyo kila sekunde. Ikipita kwenye waya bila kubanwa, hiyo ni takriban biti bilioni 1.5 kila sekunde kwa picha 25, na takriban bilioni 3 kwa picha 50. Katika kila biti, kifaa kinachopokea lazima kiamue kama ni moja au sifuri. Maadamu tofauti inaonekana, picha ni kamilifu. Tofauti ikififia kupita kiasi, kifaa hakijui kisome nini, na kioo kinakuwa cheusi.

Funzo la kwanza kwa mnunuzi linatoka hapa: kwa mitambo ya dijitali, “tumejaribu na picha imeonekana” si ushahidi wa kutosha. Waya unaweza kuwa umebakiza kidogo sana kufikia ukomo wake. Joto likiongezeka kidogo, pini ikisogezwa, au waya ukikunjwa pembeni mwa mlango, unaanguka. Kwa hiyo tunachagua vifaa vyenye akiba ya uwezo, tusinunue vinavyotosha kwa shida.

4. Waya: HDMI na SDI

Kuna njia mbili kuu za kupitishia picha ndani ya kanisa.

HDMI ndiyo ile ya runinga za nyumbani. Ni rahisi, inapatikana kila duka, na inabeba picha pamoja na sauti. Lakini ilitengenezwa kwa ajili ya sebule. Waya wa kawaida wa HDMI ni wa kuaminika kwa mita chache. Kwa picha kamili ya HD, ukikaribia mita 10 hadi 15 umeanza kubahatisha. Pini yake ya kawaida haina kufuli, na mtu akikanyaga waya, inachomoka.

SDI ndiyo njia ya vituo vya televisheni. Inapita kwenye waya wa duara wenye uzi mmoja wa shaba katikati, na pini yake huingizwa na kuzungushwa hadi ijifunge. Kwa waya wenye ubora mzuri, picha ya HD ya kiwango cha biti bilioni 1.5 inaweza kusafiri takriban mita 100. Kiwango cha bilioni 3 hufika umbali mfupi zaidi. Kanisa letu kubwa likipimwa kutoka altareni hadi roshani ya kwaya, halizidi uwezo huo.

Waya wa SDI lazima uwe wa omu 75. Waya za omu 50, zinazotumika kwenye redio za mawasiliano, zinafanana nao kwa macho, lakini sehemu ya ishara hugonga na kurudi nyuma, na picha inayumba. Chunguzeni maandishi yaliyochapwa kwenye ganda la waya kabla ya kununua roli nzima. Epukeni pia waya ambao uzi wake wa kati ni chuma kilichopakwa shaba. Nyaya nyingi za antena ziko hivyo, nazo hazifai kwa safari ndefu wala kwa kukunjwa na kukunjuliwa kila Jumapili.

Kanuni tunayoipendekeza ni rahisi. Kamera iliyo mezani, hatua mbili tatu kutoka kwenye mitambo, itumie HDMI. Kamera iliyo mbali itumie SDI. Kama kamera mliyonayo ina HDMI tu, nunueni kigeuzi kidogo cha HDMI kwenda SDI na kukiweka pale pale kwenye kamera, ili safari ndefu ifanywe na SDI. Kigeuzi hicho kinahitaji umeme wake. Msikisahau wakati wa kupanga soketi.

Katika kupima umbali, msipime kwa macho. Chukueni kamba, ipitisheni mahali waya utakapopita kweli: kupanda ukuta, kuzunguka nguzo, kushuka hadi mezani. Kisha ongezeni mita kadhaa. Kanisa ambalo kwa macho lina mita 25 mara nyingi huhitaji waya wa mita 40.

5. Visanduku vinne vinavyofanana kwa sura

Hapa ndipo sisi tulipokosea, na ndipo parokia nyingi hukosea. Vifaa vinne tofauti huuzwa katika rafu moja, vyote vikiwa na matundu mengi na vitufe. Kazi zake hazifanani.

Cha kwanza ni kigawanyi. Kina tundu moja la kuingiza na matundu kadhaa ya kutolea. Kinachukua picha moja na kuitoa kwenye skrini nyingi: ya nje chini ya hema, ya chumba cha akina mama wenye watoto wachanga, na ya sakristia. Hakichagui chochote.

Cha pili ni kiteuzi. Kina matundu mengi ya kuingiza na moja la kutolea. Kinakata njia ya picha moja na kuunganisha nyingine, kama swichi ya taa. Tatizo ni kwamba hakijali picha ya kwanza imefikia wapi, wala ya pili imeanzia wapi. Tena, katika HDMI kifaa kinachotoa picha na kinachopokea hufanya kwanza mazungumzo mafupi: “Wewe unaweza kuonyesha nini?” Kiteuzi cha bei nafuu kinapohamisha njia, mazungumzo hayo huvunjika na kuanza upya, na kwa sekunde kadhaa kioo ni cheusi. Nyumbani, ukihama kutoka king'amuzi kwenda DVD, hakuna anayeumia. Wakati wa Mageuzo, bibi yule aliumia.

Cha tatu ni mikisa ya video, ambayo mafundi wengine huiita swicha. Hiki ndicho kifaa cha kuongozea matangazo. Mikisa nzuri ina kumbukumbu ndogo katika kila tundu la kuingiza, inayoshika picha moja nzima na kuisubirisha hadi iende sambamba na zile za kamera nyingine. Kwa hiyo unapobonyeza kitufe, badiliko hufanyika katika mwanya mdogo sana ulio kati ya picha moja na inayofuata, na mtazamaji haoni kukatika kokote. Mikisa pia huweza kuyeyusha picha moja ndani ya nyingine polepole, na kuweka maandishi ya masomo au nyimbo chini ya skrini.

Cha nne ni ruta ya video. Isichanganywe na ruta ya intaneti. Hii ina matundu mengi ya kuingiza na mengi ya kutolea, na kila tundu la kutolea linaweza kuchagua picha yoyote iliyoingia, bila kuathiri mengine. Ndani yake kuna njia panda za umeme: ruta yenye matundu 4 ya kuingiza na 4 ya kutolea ina njia panda 16, na yenye 8 kwa 8 ina 64. Kwa ruta, skrini ya chini ya hema inaweza kuonyesha matangazo kamili, huku ile ya roshani ikimwonyesha kiongozi wa kwaya kamera ya altareni peke yake, ili ajue wakati wa kuanza wimbo.

Katika ruta nzuri za SDI, njia panda hizo hazifanyi kazi peke yake. Mahali pa kuingilia pana kisawazishi, ambacho kinarudishia ishara nguvu iliyopotea njiani. Baada yake kuna kipanga mapigo, ambacho kinaweka biti zilizoanza kuyumba katika mdundo wake sahihi. Mwishoni kuna kisukuma ishara, ambacho kinaituma kwa nguvu mpya kwenye waya unaofuata. Msomapo maelezo ya kifaa, ulizeni kama matundu yake yana kisawazishi na kipanga mapigo. Kifaa kisichonavyo hupitisha tu udhaifu uliopokewa, na waya wa pili huanza safari ukiwa tayari umechoka.

Je, parokia inahitaji vyote vinne? Hapana. Parokia yenye kamera mbili au tatu na skrini moja au mbili inahitaji mikisa moja nzuri na kigawanyi kimoja. Ruta ina maana pale tu ambapo skrini mbalimbali zinahitaji picha tofauti kwa wakati mmoja, kama katika kanisa kuu la jimbo, au kituo cha hija chenye mahema mengi. Na mikisa nyingi za sasa zina matundu mawili au matatu ya kutolea yanayoweza kupangiwa picha tofauti. Yakitosha, hakuna haja ya kununua ruta.

6. Picha zote ziseme lugha moja

Hata vifaa bora hushindwa kuelewana visipopangwa sawasawa. Chagueni muundo mmoja wa picha, na kila kamera iwekwe katika muundo huo. Kwa mazingira yetu tunashauri ukubwa wa 1920 kwa 1080, na picha 25 au 50 kwa sekunde. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za makanisa hupepesa kwa kuufuata. Kamera iliyowekwa picha 30 au 60, kama nyingi zinavyokuja kutoka kiwandani, mara nyingi huonyesha mwanga unaocheza ukutani. Picha 25 zinatosha kwa Misa. Zinapunguza pia mzigo kwenye waya na kwenye intaneti.

Mikisa nyingine hukubali miundo tofauti na kuigeuza zenyewe. Nyingine hukataa na kuonyesha weusi. Ulizeni jambo hili kabla ya kulipa, hasa kama mnatarajia kuunganisha kompyuta yenye maandishi ya nyimbo, kwa kuwa kompyuta nyingi hutoa picha 60 kwa sekunde.

Lipo pia suala la ulinzi wa hakimiliki. Ving'amuzi, mashine za DVD na baadhi ya kompyuta hufunga picha zake kwa kufuli ya siri iitwayo HDCP, na mikisa nyingi hukataa kuipokea picha iliyofungwa hivyo. Kijana wa mitambo akiona weusi asidhani kifaa kimeharibika. Wala asitafute ujanja wa kuivunja kufuli hiyo: kazi ya mtu mwingine ni mali yake, na amri ya saba haikomi mlangoni mwa chumba cha mitambo.

7. Sauti, umeme na radi

Kila picha inaposubirishwa ndani ya mikisa, inachelewa. Kwa picha 25 kwa sekunde, picha moja ni sehemu 40 za elfu za sekunde. Zikichelewa picha tatu, msomaji wa somo ataonekana akifumbua kinywa baada ya neno kusikika. Sauti kutoka kwenye mikisa ya spika za kanisa ipitishwe ndani ya mikisa ya video, na icheleweshwe kwa kiasi kile kile. Chagueni kifaa chenye uwezo huo. Mzee asiyesikia vizuri hutegemea pia kutazama midomo, na mkanganyiko huu humchosha haraka.

Kuhusu umeme, mikisa, vigeuzi, kompyuta na ruta ya intaneti viwekwe kwenye kihifadhi umeme cha betri. Umeme ukikatika, jenereta huchukua muda kuwaka, na mikisa ikizimika inahitaji kuwashwa upya na kupangwa. Kihifadhi kinachodumu dakika 10 kinatosha kuvuka pengo hilo.

Vifaa vyote viwe na ardhi moja ya umeme. Kamera ikichukua umeme kwenye jengo moja na mikisa kwenye jengo lingine, tofauti ya umeme kati yake inaweza kupita kwenye waya wa picha na kuunguza matundu. Vivyo hivyo waya mrefu wa shaba unaotoka nje kwenda kwenye mahema unaweza kukaribisha madhara ya radi. Kwa safari ya nje, au ya kutoka jengo hadi jengo, nyuzi za mkongo ni salama zaidi, kwa kuwa hupitisha mwanga na wala hazipitishi umeme.

8. Kutoka mezani hadi intaneti

Picha inayotoka kwenye mikisa ni kubwa mno kwa intaneti, hivyo hubanwa na kompyuta au na kifaa maalumu hadi, kwa mfano, biti milioni 4 kwa sekunde. Kwa kiwango hicho Misa ya dakika 90 hutumia takriban gigabaiti 2.7 za kupandisha. Hesabu hiyo iingizwe kwenye bajeti ya kila mwezi. Tumkumbuke pia mtazamaji: anayefuatilia kwa bando la simu analipia kila Misa. Kurusha picha kubwa kupita haja ni kumtwisha maskini mzigo.

Baadhi ya parokia hupitisha picha za kamera katika mtandao wa ndani wa kompyuta badala ya SDI. Njia hii hupunguza nyaya, lakini picha moja inaweza kuchukua zaidi ya biti milioni 100 kwa sekunde. Inadai swichi ya mtandao ya kiwango cha gigabiti na nyaya zake maalumu, zisizochanganywa na mtandao wa ofisi ya parokia wala wa simu za wageni. Pasipo na fundi wa kudumu anayeujua mtandao, tunashauri kubaki na SDI.

9. Kabla ya kulipa

Tunapendekeza kila kamati ifuate hatua hizi:

Kwanza, chora ramani ya kanisa katika karatasi moja. Weka kila kamera, kila skrini, meza ya mitambo, na urefu wa kila waya uliopimwa kwa kamba.

Pili, hesabu matundu. Kamera tatu na kompyuta moja ni matundu 4 ya kuingiza. Nunua mikisa yenye 6 au 8, kwa maana siku ya upadirisho kamera ya nne haitakosekana.

Tatu, anza na waya na mikisa, kisha kamera. Kamera ya kawaida kwenye njia nzuri humfikia mgonjwa, lakini kamera ya kifahari kwenye njia mbovu haimfikii.

Nne, mwombe muuzaji akuwashie vifaa kwa muda wa Misa nzima, vikiwa na waya wa urefu ule ule mtakaoutumia. Badilisheni picha mara nyingi, gusagusa pini, na mguse kifaa mwone kama kinachemka. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Tano, nunua waya mmoja wa akiba kwa kila aina, na kigeuzi kimoja cha akiba.

Sita, fundisheni vijana wawili au watatu, na ramani ile ibandikwe karibu na meza. Mitambo inayojulikana na mtu mmoja tu huzimika siku anaposafiri.

10. Heshima ya altare

Teknolojia ikiwa nzuri, kishawishi kinachofuata ni kuitumia kupita kiasi. Mikisa yenye vitufe vingi huwavuta vijana kubadilisha picha kila sekunde mbili, kana kwamba ni tamasha la muziki. Sisi tumeweka utaratibu huu parokiani: tangu Sala ya Ekaristi inapoanza hadi Amina kuu, kamera moja tu hutumika, imetulia, ikitazama altare. Hakuna anayegusa kitufe. Inashangaza kwamba baada ya kusoma haya yote juu ya kubadilisha picha, kanuni iliyo bora kwa saa takatifu kuliko zote ni kutobadilisha.

Kadhalika, waya usipite mahali pa maandamano, mpiga picha asisimame kati ya waamini na altare, na kamera isizikaribie nyuso za wanaopokea Komunyo au za wafiwa katika Misa ya mazishi. Hao wamekuja kusali, nasi hatukuwaomba ruhusa.

Tena tusijidanganye. Matangazo hayachukui nafasi ya Misa kwa mwenye afya, wala ya Komunyo kwa mgonjwa. Picha ikifika vizuri nyumbani, mhudumu wa Ekaristi bado anapaswa kufika. Skrini isigeuke kuwa sababu ya Jumuiya Ndogo Ndogo kuacha kuwatembelea wagonjwa wake.

Hitimisho

Baada ya Pasaka ile tulikaa na Halmashauri ya Walei, tukakiri kosa mbele ya waamini, tukauza kamera moja kati ya tatu, na kwa fedha ile tukanunua mikisa na nyaya sahihi. Wengine walinung'unika kwamba tumerudi nyuma, maana kamera zimebaki mbili. Sherehe ya Pentekoste matangazo yalianza, yakaendelea, na yakaisha bila kukatika. Tulipompelekea Komunyo bibi yule wiki ile, hakutaja picha wala mitambo hata kidogo. Alituuliza juu ya mahubiri, kwa nini tulikuwa tumeruka somo la pili. Hapo tulijua kwamba mitambo inafanya kazi yake.

Mtakatifu Klara wa Asizi, msimamizi wa televisheni, utuombee.